Saini Mbili

Hundi imefika Jumatatu. Akaunti niliifunga Ijumaa;
kijana wa benki aliikata kadi yangu kwa mkasi
akanitakia safari njema, kama mkunga anayekata kitovu.
Ndiyo maana nipo hapa, Mtaa wa Selkirk, Winnipeg,
nyuzi thelathini chini ya sifuri, kope zimegandana,
kwenye duka liuzalo sigara, tiketi za bahati nasibu
na pesa za watu kwa watu wenyewe.

Kibarua changu hakikuota nyasi, tuelewane.
Nimekiacha kingali kinatoa mvuke.
Miaka kumi na tisa nimekunja mashuka ya hospitali:
ya waliojifungua, ya waliopona,
na yale ambayo hatukuulizana.
Bwana Hnatiuk hakutia barua ndani ya bahasha,
ila orodha ya makato: kodi, bima, pensheni,
na dola tisa za glavu ambazo sikurudisha.
Glavu zenyewe ndizo hizi nilizovaa.

Nyuma ya kioo kinene, Rodelio wa kutoka Iloilo
anasoma hundi, anasoma pasi, anarudi kwenye hundi.
"Mama, pasi inasema Melnyk.
Hundi inasema Melnik."

Kweli. Herufi moja.
Karani alikosea siku ya kwanza, nami nilikuwa mgeni,
nimetoka Ternopil na sanduku moja na mtoto mmoja,
na mgeni hasahihishi tahajia ya mwenyeji wake.
Basi huyo Melnik akaajiriwa badala yangu.
Yeye ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri,
yeye ndiye aliyeungua kiganja kwenye roli la pasi,
akalipia meno ya Solomiya, akalipia harusi yake
kule Montevideo, ambako sasa hivi, katikati ya Januari,
mwanangu anakula tikiti maji miguu peku
na kuniuliza kwa simu: mama, unakuja lini?
Mimi nilikuwa nikila tu mshahara wa yule mwanamke.

"Weka saini mbili," anasema Rodelio.
"Kwanza kama walivyokuandika.
Chini yake, kama alivyokuita mama yako."
Kisha anagonga beji kifuani mwake: RODOLFO.
"Mwaka wa sita huu. Nimechoka kubishana na plastiki."

Saini ya kwanza ikatoka mbio, hata sikuitazama.
Ya pili ikanigomea. Kalamu ilisimama
kama mashine zote zinaposimama kwa pamoja umeme ukikatika,
na unasikia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi,
mtu mwingine anapumua.
Nyuma yangu mzee mmoja akakohoa.
Nikaandika. Y ikatoka na mkia mrefu
kama ya mtoto wa darasa la pili.

Asilimia tatu ni yao: dola thelathini na nne na ushei.
Zikabaki elfu moja, mia moja na kumi na moja,
na senti tisini na tisa.
Lakini nchi hii ilishaacha kutengeneza sarafu ya senti moja,
kwa hiyo hesabu ikapandishwa. Elfu moja, mia moja na kumi na mbili kamili.
Senti moja ya bure!
Miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo bakshishi.
Nilicheka hadi Rodelio akacheka, asijue cha kucheka.

Akapiga muhuri, akaitumbukiza hundi kwenye droo.
Nilitaka kumwomba nakala. Sikuomba.

Mkono mtupu haulambwi; nitanunua asali ya hapa,
na soksi za mkwe, ingawa huko ni kiangazi.
Lakini kwanza nilisimama kando, penye mashine ya barafu
(nani ananunua barafu hapa?), nikatoa noti
nizihesabu, na mikono ikafanya inachokijua:
ncha kwa ncha, pindo ndani, mara tatu, kisha mara mbili,
bonyeza hewa itoke.
"Polepole, mama," Rodelio akasema. "Hatufungi sasa."
Nami nilishamaliza.