Saba kwa Mbili

Ghala letu liko Chumbageni, nyuma ya reli,
na kompyuta ya ghala haijui kama kuna Chumbageni.
Inajua amri. Inajua jina.
Ukiita "chatu" inaamka lugha moja,
na kwa miaka kumi na mmoja aliyeitika
ni chatu wa pili, mkongwe,
ingawa chatu wa tatu yumo humo humo, chumba cha uani,
kashapakuliwa, kashapangwa, hana wa kumwita.

Kwetu Muheza tulikuwa na Mhina wawili,
babu na somo yake.
Mama akiita "Mhina!" uani
babu ndiye aliyeitika, hata kama aliyetakiwa
ni mtoto, akimbilie chumvi dukani.
Siku moja, bila tangazo, babu akanyamaza.
Hakuwa amekufa. Alikaa pale pale na kahawa yake.
Jina tu lilikuwa limehama.
Ukimtaka yeye, sasa, sema "Mhina mkubwa".

Ndivyo nilivyofanya usiku wa Jumanne.
Nikamwambia msimamizi wa vifurushi:
kuanzia leo, ukisikia chatu, mwamshe wa tatu.
Mstari mmoja. Nikabonyeza, akanyamaza
ukimya wa karani aliyetii.
Nikapanda baiskeli, Barabara ya Kumi na Sita,
nikala mihogo, nikalala.

Asubuhi hesabu ya wapakiaji imegoma.
Programu aliiandika Semkiwa, kabla hajastaafu,
na chatu mpya ana adabu zake:
haandiki neno mpaka ulitie mabano.
Nikatia mabano. Mistari arobaini na mitatu,
mkono wa kushoto, mkono wa kulia,
nikijisifu.
Ikaenda.
Ikatoa jumla nisiyoijua.

Nikachukua jozi moja, Sechonge na Shekiondo,
marobota saba ya mkonge, siku moja,
gawa kwa mbili.
Tatu na nusu, akasema chatu mpya.
Nikamwita wa kale kwa jina lake refu:
chatu wa pili, hebu, saba kwa mbili?
Tatu.
Hakusita hata kidogo.

Na lile la saba?
Halikuwa la Sechonge, halikuwa la Shekiondo.
Lilibebwa, lilipanda lori, lilishushwa bandarini,
kwenye karatasi ya malipo halikuzaliwa.

Miaka kumi na mmoja ya nusu.

Nilimfuata Semkiwa kwake, Barabara ya Tatu.
Siku hizi anaziba pancha, kibarazani.
Akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena.
"Lakini haikutoa kosa," akasema.
"Ingetoa kosa ningeliona."
Kisha akauliza ni jozi ngapi. Sikumjibu.
Akazamisha mpira ndani ya karai,
akawa anatazama mapovu yanatokea wapi.

Meneja ameniandikia: rudisha ile ya zamani,
ile haikuwa na matatizo.
Kweli. Na kurudisha nako ni mstari mmoja,
hata chai haitapoa.

Sijarudisha.
Wala wa kale sijamfuta,
ijapokuwa fundi mwenzangu anasema mfute, anakula nafasi.
Acha ale. Namtaka akae pale pale na kahawa yake.
Kila jioni, ghala likishafungwa,
namwita kwa jina refu, nampa tarehe,
naye, mkweli kama alivyokuwa siku zote,
ananiambia alimlipa nani na ngapi.
Kisha namwita wa tatu, kwa jina fupi.
Tofauti naiandika kwenye daftari, kwa kalamu,
maana mashine nimeshaiona inavyosahau.

Nimefika Machi ya mwaka wa pili.
Shekiondo hajui bado. Jana alinipita getini
akanitania baiskeli yangu inalia kama bata.
Hadi hapo nilipofika
anadai marobota tisini na moja
na nusu.