Mtunza Alama

Kabla ya yote, mjue hili:
sijawahi kuongeza pointi hata moja.
Miaka miwili nimekaa kwenye meza ile yenye mguu wa tofali,
kalamu nyekundu yetu, ya bluu yao,
nikiandika kila kipigo bila mkono kutetemeka:
thelathini kwa sitini na sita, Arusha, mvua ikinyesha,
arobaini kwa themanini, hapa hapa Moshi,
Same walitufunga mpaka mwamuzi akaona haya yeye.
Mechi tisa. Tisa tumefungwa.
Chini ya kila moja nilipiga mstari, nikasaini.

Timu yenyewe mngeiona.
Jezi za mtumba kutoka Kiborloni,
kifuani jina la shule ya nchi tusiyoijua.
Ringi moja ina wavu, nyingine imebaki chuma,
na nyuma yake mlima, siku ukijifunua,
kama mtu aliyeingia bure na hapigi makofi.

Kabula, namba kumi na nne, mrefu kuliko mlango wa bweni,
alirudi kutoka Tanga saa nane usiku, magoti yamevimba,
na asubuhi ndiyo siku ya mwisho ya kukusanya kazi.
Bumu halijatoka. Sapu anazo mbili.
"Ndeshi," akasema, "wewe mkono wako hauchoki."
Kocha Elinami alisimama pale, akatazama viatu vyake.
"Msaidie kidogo."
Na hiyo kidogo
ikafika watu watano.

Niliandika habari za ushirika wa wakulima wa kahawa:
huyu abebe gunia, yule asimamie mizani.
Niliandika vizuri, siwafichi, nilijisikia.
Nikageuza aya, mwanzo nikaufanya mwisho,
Zulfa nikampa mifano ya Rombo, Naishorwa ya Kibosho,
ila kuna mahali usingizi ulinizidi
nikaandika "ushirka".
Insha tano, ukurasa wa tatu, "ushirka".
Herufi moja, jamani.

Tangazo lilibandikwa jirani na bei za kantini:
chapati mia tano, chai mia tatu,
udanganyifu wa kitaaluma, majina matano na namba za usajili.
Langu halikuwepo.
Anayeandikiwa ndiye mwenye jina.
Hadi mchana tulishakuwa Timu Desa,
na walioanza kutuita hivyo
ni wale wale walioazima madaftari yangu muhula mzima.

Jumamosi uwanja ulijaa, mara ya kwanza.
Hawakufuata mpira.
Kocha akahesabu: wanne.
Akahesabu tena, kana kwamba mmoja angeota.
Kisha akageukia meza. "Vua sweta."
Akanirushia kumi na nne. Ikanifika magotini.
Kalamu zangu akashika Barikieli, mtoto wa mlinzi.

Robo ya tatu mpira ulinijia peke yangu, upande wa chuma kitupu.
Nikarusha nimefumba macho.
Ringi isiyo na wavu haitoi ushahidi:
mpira hupita ndani, hupita kando, hudondoka vile vile.
Mwamuzi akasita. Uwanja ukanyamaza.
Barikieli akainua kichwa, kwa adabu,
"Dada Ndeshi, imeingia?"
Aliniuliza mimi. Kwa kuwa mimi sidanganyi.

Nyuma ya uzio Kabula alikuwa amekaa na gongo,
ameitwa na kamati mara mbili, na mara mbili hakunitaja.
"Imeingia!" alipiga kelele. "Andika, mtoto, imeingia!"

Tulifungwa kwa ishirini na sita.
Au ishirini na nane, mimi karatasi ile sikuisaini.

Sasa ni saa tisa usiku, bweni limelala.
Mimi, Ndeshukurwa, mwaka wa pili, mtunza alama,
nimefika mstari wa nne wa barua kwa kamati,
pale panapotaka neno lile,
na kalamu imesimama:
niliandike sawasawa,
au nilikosee tena, wautambue mkono.