Thelathini na Mbili kwa Moja

Muuzaji wa Barka aliniapia: haina kasoro.
Akapiga kiki mara moja, ikaitika
kwa sauti ya bati linalochanwa,
moshi wa buluu ukatufunika sote wawili,
nami, mtu mzima wa miaka arubaini na moja,
nikahesabu riali mia sita bila kuomba punguzo.

Mama alichungulia dirishani tulipoishusha.
"Kipya kinyemi," akasema.
Nusu ya pili ya methali akaniachia mwenyewe.

Kidonda nilikipata Ijumaa, baada ya sala.
Ndani ya kichujio cha hewa: mchanga wa hapa Bidiya,
mwekundu, laini kama bizari,
na chini yake mchanga mwingine, mweupe, wa pwani.
Kumbe waliompanda mnyama huyu ni wengi.
Boliti mbili si za ukoo mmoja.
Waya wa taa umefungwa kwa uzi wa kudarizia kofia.
Nikafungua kichwa cha silinda:
pistoni imekwaruzwa upande wa eksozi,
mistari minne mirefu,
kama paka aliyeng'ang'ania asizame.

Nyumbani kwetu Kiarabu hukaa sebuleni na wageni,
Kiswahili hukaa jikoni,
na sasa kimehamia gereji,
maana spana ikiteleza ikakuchuna kidole
ulimi hukimbilia kwao.

Injini ya namna hii haina pa kuwekea oili.
Huinywa humo humo ndani ya petroli,
hujipaka na kuichoma kwa pumzi ile ile.
Ukiipunja, inakwama. Ukiizidishia, inakohoa.
Thelathini na mbili kwa moja:
lita tano, mililita mia na hamsini na sita.
Nilipima kwa chupa ya maziwa ya Ilham.
"Ameshaiacha," nikajitetea.
Raiya akaitazama oili nyekundu
iliyofika kwenye sungura wa tatu.
"Na huyu," akauliza, "atalala lini usiku kucha?"

Dilawar, mkerezaji wa nyuma ya soko la Mintirib,
alilipanua tundu la silinda nusu milimita,
akapitisha kidole ndani, amefumba macho,
kama anayetafuta jino la mtoto linaloota.
"Pistoni mpya, ringi mpya. Sasa usiwe na haraka."

Haraka ninayo. Nilikwisha kununua
eksozi yenye tumbo la mtungi, yang'aa, ya mkono wa pili nayo,
na matairi ya makasia yanangoja chini ya turubali.
Dilawar akatikisa kichwa: umeifungulia pua,
basi ongeza na chakula, la sivyo itaungua kwa njaa.
Nikabadilisha jeti ya kabureta.
Plagi ikatoka nyeupe, mfupa mtupu.
Nikaweka kubwa zaidi: nyeusi, imelowa, inanuka.
Ya tatu, saa tano za usiku,
ikatoka na rangi ya tende ya khalasi.
Nikampelekea Mama juu ya kitambaa, kama zawadi.
Akavaa miwani. Akaigeuza.
"Haya. Lakini hailiwi."

Jana alasiri niliipeleka mchangani,
nimebana skrubu ya kidole cha mafuta:
nusu tu, usivuke.
Vijana wakanipita kwa gari lao,
mmoja akanyoosha mkono nje, akanionyesha saa.
Kilima kile wao hukimaliza kwa mfuto mmoja.
Mimi nilifika katikati, nikazima,
nikaketi pembeni ya chuma cha moto
kilichokuwa kinatoa milio midogo, tik, tik,
nikakingoja kipoe
kama mtu anavyongoja uji.

Mbele yangu mchanga haukuwa na alama yoyote.
Nyuma, mistari miwili, moshi kidogo.
Raiya akapiga simu: umefika wapi?

Nusu, nikamwambia.
Kesho robo tatu.