Swali la Saba

Swali la saba kwenye fomu ya kulazwa ni la nguruwe.
Huku kusini mwa Uholanzi si tusi wala mzaha:
je, unaishi nao, unawalisha,
umeingia bandani miezi hii sita?

Mzee Driekus Verhagen, nyonga imevunjika,
barafu ya Februari, mlangoni pake.
Anajibu hata sijamaliza: Ndiyo. Mia nne na kumi.
Anaitaja idadi
kama mtu atajaye majina ya wajukuu.

Naandika ndiyo. Kompyuta inapiga ramli yake:
umri, vidonge vya kifua vya mwaka jana,
siku tisa alizolala hospitali nyingine, nguruwe.
Sitini na nane kwa mia. Rangi ya chungwa.
Huenda puani mwake wamepanga, bila kodi,
wale wadudu wasiosikia dawa.

Basi chumba cha milango miwili,
gauni la manjano, glavu, barakoa,
kijiti cha pamba puani, kooni, kinenani.
Samahani, nasema. Anacheka:
Miaka arobaini nimewapima nguruwe joto, binti,
nawe wajua kipimo huingia wapi.
Leo zamu yangu.

Siku mbili chai yake inapoa
ikingoja mlango wa kwanza ufungwe
ndipo wa pili ufunguke.

Jumatano anakuja Liduina, mwanawe.
Namfunga gauni mgongoni, namweleza sababu.
Nguruwe gani? anauliza.
Banda ni tupu, huu mwaka wa tatu.
Serikali ilitaka hewa safi, ikamlipa afunge.
Hata harufu haipo.
Ila saa kumi na moja alfajiri huvaa buti,
akaenda kusimama mle.

Nikairudia fomu.
Kuna kisanduku cha ndiyo, kuna cha hapana.
Cha aliyekuwa nao hakuna.

Alhamisi maabara ikajibu: hana.
Nikavua barakoa, akauona mdomo wangu mara ya kwanza.
Habari njema, nikamwambia. U safi.

Hata mmoja?
Hata mmoja.

Akageukia dirisha, uwanja wa magari,
theluji iliyoyeyuka nusu, chafu.
Akavuta hewa kwa pua, polepole.
Kumbe wameondoka wote, akasema.

Nikaenda kumletea chai nyingine.
Milango nikaiacha wazi, yote miwili.