Mteja Aliyeazima Kinoo

Ilikuwa wiki ya Idi ya kuchinja,
wiki yangu ya mavuno hapa nje ya Marikiti.
Mapanga, mashoka, visu vya Badi wa bucha,
vyote vimelala foleni miguuni pangu
nami nakanyaga pedeli, gurudumu lalia,
cheche zaruka hadi kwenye mabiringani ya watu.

Akaja mwanamke na kitu ndani ya leso.
Akafungua. Viatu.
Chini ya kila kiatu kisu,
kirefu kuupita unyayo, chembamba kuliko rula ya shule.

"Hivi vyachinja nini?"
"Masafa," akasema. Hakucheka.

Kiswahili chake kilikuwa cha bibi wa Kuze,
cha enzi za redio ya mbao. Kakipokea kwa mamake,
jikoni, huko Kanada, alikozaliwa,
ambako, asema, ukivuta pumzi
vinyweleo vya pua vyagandana.

Nikanyoosha mkono. Akarudisha viatu kifuani.
"Gurudumu lako litavila. Niazime kinoo."

Miaka kumi na minne nanoa,
hakuna aliyewahi kuniambia niondoke kwenye kiti changu.
Nikaondoka.

Akaketi juu ya debe langu la rangi,
akavipindua viatu, akavibana magotini,
makali juu, sambamba kama reli,
akadondosha mafuta, akaanza kuvuta kinoo mshazari,
akihesabu kwa midomo bila sauti.
Badi akaja kugomba. Akanyamaza, akatazama.

"Mita elfu tano," akasema bila kuinua kichwa.
"Mizunguko kumi na miwili na nusu juu ya barafu,
daima kwa kushoto. Miaka kumi na tisa
sijakata kona ya kulia."
Ndipo nikaona: kisu cha kulia kimelika upande wa ndani,
cha kushoto upande wa nje,
kama soli za mtu abebaye ndoo kwa mkono mmoja.

"Na mikono waiweka wapi?"
"Mgongoni. Kama mwenye shamba akikagua mihogo."

Kisigino, akanionyesha, huachana na chuma,
hupiga ka! ka!
kama ndara za mtu aendaye chooni usiku.

Alfajiri aliendesha gari la kufagia theluji.
Kampuni ya mikate ilimlipia tiketi,
jina lao likakaa pajani mwake miaka sita.
Kwenye mashindano makubwa akawa wa nne.
"Kwa kiasi gani?"
Akapuliza, pfu, kama azimaye kiberiti.
"Nusu ya hiyo."
Wa nne hupewa blanketi na chupa ya maji.
Miaka minne baadaye, wa saba. Kisha goti.
Kisha wa kumi na saba,
"nashuka kama bei ya samaki jioni."

Mamake alikuwa akikaa jukwaani, leso juu ya koti,
na kila mwaka aliuliza lile lile:
mbona mwazunguka wawili wawili,
mwafukuzana na hamkamatani?
Uzeeni mama akarudi Kuze.
Binti amekuja kwa arobaini yake.

Sikumuuliza hapa atateleza wapi.
Niliuona mkono ukivuta.
Mkono haukuwa na swali hilo.

Akapita Chengo na mkokoteni,
anapeleka bonge la barafu kwa wauza nguru,
gunia juu, maji yamdondokea miguuni.
"Ngoja," mwanamke akasema.
Akafunua gunia, akaupitisha kwenye barafu ule wa kushoto,
mara moja, taratibu, akitega sikio.
Mstari ukabaki. Unywele.
Chengo akanitazama mimi, kana kwamba mimi najua.

Akaupitisha wa kulia.
Akainama, akaugusa mstari kwa ulimi.
"Huu bado," akasema,
akarudi kwenye debe langu.

Badi akaokota shoka lake mwenyewe,
akalirudisha nyuma ya foleni.
Chengo akaenda zake. Nikasikia nyundo,
barafu ikipasuliwa juu ya nguru.