Fomu ya Safari, Ukurasa wa Tatu

Jumapili usiku, Carlisle. Meza ya jikoni
imelala chini ya karatasi kama mgonjwa chini ya shuka.
Wanafunzi kumi na tisa, walimu wawili,
siku moja Glasgow, na pauni mia sita na arobaini
zilizokataa kuzaa.

Fomu yauliza: Hatari?
Naandika: mvua.
Uwezekano? Mkubwa.
Hatua za kuchukua? Kulowa.
Nafuta. Naandika: makoti.
Bi Elliot wa ofisini hana mzaha Jumatatu.

Treni ni ya saa mbili na dakika kumi.
Daftarini mwangu mbili, kwenye barua ya wazazi nane.
Miaka ishirini na mbili nchi hii, na bado jua langu
huchomoza saa kumi na mbili, hata Desemba linapochelewa.
Mwaka juzi nilichanganya, tukakuta makumbusho yamefungwa,
tukapiga picha kufuli.
Ilikuwa filamu bora ya muhula.

Haya, ratiba. Saa nne: jengo la vioo kando ya mto Clyde,
wanakosoma habari kwa sauti isiyowahi kupiga chafya.
Wataonyeshwa taa, meza, na msomaji
mwenye suti juu na raba chini.
Saa sita: Partick, kwa Bwana Lorimer, mtengeneza sauti,
ghorofa ya tatu, lifti hakuna,
na Kieron ana gongo.
Nimempigia Lorimer. Atashuka yeye,
na ndoo ya changarawe, na glavu kuukuu zinazopiga mbawa,
na bua la selari analolivunja
ili mtu fulani kwenye skrini avunjike mguu.
Kieron, ambaye wake ulivunjika kweli,
anataka kujua ulipaswa kulia vipi.

Saa nane: mitaa ile iliyonyooka ya katikati,
inayokodishwa kuwa Amerika.
Malori huja usiku, vibao hubadilishwa,
teksi za njano huegeshwa, na mvua ileile
huambiwa, wewe sasa ni ya Filadelfia,
nayo hunyesha vilevile, bila lafudhi.
Hapa nataka kusimama niwaambie jambo.
Labda kwamba hata mimi, kila asubuhi getini,
Shekue hubanduliwa, hubandikwa Mista Shek,
na kazi huendelea.
La. Hilo langu. Nafuta.

Ewelina hajarudisha sahihi.
Mama yake yuko zamu ya usiku, kiwanda cha biskuti,
ameniandikia mstari mmoja:
Watafanya kazi huko, au watatazama tu?

Nijibu nini. Mimi sinema nilifundishwa Korogwe
na mpiga video wa arusi ya dada yangu
aliyeiweka kamera juu ya kiti, akasahau kuizima,
akaenda kula pilau.
Dakika arobaini za miguu chini ya meza:
kandambili, mokasini za kuazima,
mtoto akizika mfupa wa kuku mchangani,
na mguu mmoja wa mwanamke ukivua kiatu taratibu,
ukienda, ukienda,
ukaufikia mguu usio wa mumewe.
Dada hakumsamehe yule bwana mpaka leo.
Mimi nikaitazama hadi kanda ikakatika.

Namwandikia mama Ewelina: Watatazama.
Ndiyo kazi yenyewe.

Kisha saa tisa hadi tisa na nusu
naacha ratibani peupe.
Najua atakachosema Bi Elliot: bima haikubali peupe.
Basi naandika: benchi, Uwanja wa George, simu mfukoni.
Hatari? Kuona kitu.
Uwezekano? Mdogo.
Hatua za kuchukua?
Kalamu inasita juu ya kisanduku.
Nachora kistari, kifupi, cha mtu asiye na la kusema.

Chai imeota utando.
Naikagua barua mara ya mwisho kabla ya kulala:
nane na dakika kumi. Nane.
Nane yao.