Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na mmoja nimepiga pasi shuka za hoteli hii,
ghorofa ya chini kabisa, pasipo dirisha,
na leo wameniinua mgongo:
bahasha, shada la maua yaliyopanda ndege kabla yangu,
na siku moja, chumba namba mia nne na saba.
"Uwe mgeni wetu, Mengia."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi wamenipa moja.
Jembe nililitanguliza.

Asubuhi kijana wa mbao za kuteleza, Andri,
mtoto wa Barla wa duka la jibini,
alipiga goti mbele yangu kunifunga viatu.
Sijapata kupigiwa goti, hata siku ya kuposwa.
Gieri alisema tu: "Shamba letu limepakana na lenu."
Andri akaniuliza, kwa ile sauti ya wateja,
kama ningependa kuanzia mteremko wa watoto.
Mwanangu, nikamwambia,
mlima huu nilikuwa nikiushuka kwenda shule
juu ya mbao alizochonga baba,
zimefungwa kwa ngozi ya ng'ombe aliyekuwa na jina.
Jina gani? akacheka.
Sikumwambia.

Kiti cha waya kikanichota kama kijiko.
Mama wa koti jeupe, aliyeketi kando yangu,
akauliza kama nimetoka mbali.
Chini ya miguu yetu, paa la nyumba yangu,
na bomba la moshi ambalo sijalizibua tangu Oktoba.
"Si sana," nikasema.

Kileleni, theluji ya usiku, haijaguswa.
Mungu nisamehe, niliona shuka tu,
kubwa, imetandikwa,
na mkunjo mmoja karibu na mwamba
ambao mkono wangu ulitaka kuunyoosha.

Kisha goti likakumbuka.
Si mimi. Goti.
La kushoto kwanza, halafu la kulia likaona aibu, likafuata,
na upepo ukanimenya kama kitunguu,
machozi, ganda, machozi,
hadi sikujua ni umri gani unaoteremka.
Nilianguka mara moja, nyuma ya zizi la kina Tumasch,
matako chini, magongo huko na huko.
Nikakaa hapohapo.
Hakuna kengele, hakuna aliyeita jina langu.
Hilo nililipenda kuliko kuteleza kwenyewe.

Mchana, bwawa la maji moto, nje, peupe;
shingo kwenda chini ni Agosti, utosi ni Januari.
Nilipotoka nilijifuta, nikakunja taulo,
mara tatu kwa urefu, mara mbili kwa upana.
Lurdes wa usafi akaninong'oneza kwa Kireno chake cha haraka,
halafu kwa lugha yetu:
"Itupe chini, Mengia, utanifukuzisha kazi."
Nikaitupa.
Ikaanguka ikiwa imekunjwa.

Jioni sahani pana kama uwanja,
na katikati supu ya shayiri ya mama yangu,
vijiko vitano, wameipa jina la Kifaransa.
Nilikula vitano vyote, nikaomba mkate.

Halafu chumba. Halafu kitanda.
Nikafunua kona, nikaona uzi.
Kishono changu.
Shuka hii nilikuwa nikiitia kiraka Jumanne ile,
Gieri yuko wadi, mimi niko chini na sindano:
mishono kumi na mmoja, sita imenyooka,
wa saba umekwenda kombo.
Hapo ndipo simu ilipolia.
Wageni wangapi wamelala juu ya mshono wa saba,
wakaamka, wakaomba kahawa?

Nikaweka shavu hapo.
Mgongo ukanyooka polepole, kwa mashaka,
kama mtu asiyeamini mlango uko wazi.

Asubuhi sikutandika.
Nilifika mlangoni, begi mkononi.
Nikarudi.
Nikavuta kona moja.
Moja tu.